Nguzo ya Korongo wa Kwanza

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeamua. Mwaka huu jina langu litapakwa rangi kwenye nguzo. Yatosha!

Aliyenisukuma ni mwoka mikate. Nimeingia dukani kwake, akaniuliza kama anavyoniuliza kila siku: haya Mgeni, umeshazoea huku kwetu? Nimezoea! Nilifika mji huu nikikimbia vita, na mke, na mtoto mgongoni, na kisanduku cha bisibisi za saa. Yule mtoto sasa ana mvi. Mwoka mikate mwenyewe alikuwa hajazaliwa.

Hapa uenyeji haupatikani kwa kukaa. Unapatikana nguzoni. Korongo weupe wakirudi ziwani kutoka kaskazini, mfereji wa mashua hufungwa kwa mnyororo wasisumbuliwe. Aliyemwona korongo wa kwanza ndiye huvuta mnyororo mbele ya mji mzima, na jina lake hupakwa kwenye nguzo ya mfereji. Sharti ni moja tu: mhifadhi wa ziwa amwone ndege huyo kwa macho yake.

Kinyozi yumo mara tatu. Ana darubini. Mimi nina mtoto wa jicho, na lenzi ya saa ambayo humwona ndege vizuri sana, mradi atue puani.

Lakini nina siri. Kwenye matete, nyuma ya nyumba ya pampu ya zamani, yuko korongo aliyebaki. Msimu uliopita aligonga waya wa umeme, bawa likapinda, wenzake wakaondoka bila yeye. Nimekuwa nikimlisha kila asubuhi. Nitamtangaza kabla wenzake hawajarudi. Nani atajua? Korongo hana pasipoti.

Jumanne, 4 Novemba

Mke wangu ameuliza samaki wadogo wa jikoni wanakwenda wapi. Nimesema nampa paka. Amenikumbusha kwamba hatuna paka. Akaongeza kuwa mzee wa umri wangu akianza kunuka samaki alfajiri, ama ana mke wa pili, ama ana akili pungufu, na kwamba mke wa pili asingenivumilia. Ukibishana naye unajiongezea hasara.

Habari mbaya ziwani. Korongo hana hamu ya kula! Tena mdomo wake una unga mweupe. Ugonjwa bila shaka. Nimemfuta kwa leso yangu nzuri. Akaniacha nimfute.

Nilikaa naye kidogo. Upepo ulipogeuka aliinua bawa zima, halafu lile bovu, akasubiri, kisha akayakunja yote mawili. Nikatazama pembeni. Kuna nyakati si adabu kumtazama mtu.

Alhamisi, 6 Novemba

Fedheha! Usaliti! Unga!

Wasiwasi ulinirudisha kwa mgonjwa wangu alasiri. Nikapenya matete na mfuko wa samaki. Nikamkuta Kinyozi amechuchumaa, naye ana mfuko wa samaki. Nilimuuliza anafanya nini. Alisema amekuja kujisaidia. Nikamuuliza tangu lini watu hujisaidia na samaki. Akaniuliza mimi je? Nikasema natafuta springi ya saa iliyoanguka. Korongo akawa anatutazama kwa zamu, kama hakimu aliyechoka.

Kumbe mimi nalisha asubuhi, yeye analisha alasiri! Na ule ugonjwa ni poda, ile anayowapaka wateja shingoni, imemganda vidoleni. Ndege amenenepa hadi magoti yamepotea.

Aliniita mwizi wa korongo wa watu. Nikamwambia mtu mwenye jina mara tatu nguzoni hana haya kuiba la nne. Akasema ataacha vipi, na wateja wamekuwa wakihamia kwa kijana mwenye mashine ya umeme, na wanaobaki huja kusikiliza hadithi ya nguzo tu. Kisha, mwenyewe, bila kupigwa, akakiri kwamba korongo wake mmoja kati ya wale watatu alikuwa mfuko wa plastiki, na mhifadhi wa zamani alikuwa na usingizi.

Nilimhurumia. Tumekubaliana: tutamtangaza pamoja Jumapili, kama ndugu. Tumepeana mikono.

Nitamtangaza Jumamosi.

Jumamosi, 8 Novemba

Watu siku hizi hawana uaminifu! Nimefika ofisini kwa mhifadhi kabla jua halijapanda, nikamkuta Kinyozi ameshakaa kwenye benchi, na shati la pasi. Hata hakuona aibu. Alinisalimia.

Mhifadhi wa sasa ni binti mpole, hutuita wazee wangu. Alivaa buti za mpira akatufuata matopeni. Njia nzima tulisukumana viwiko, kila mmoja akidai ndiye aliyemwona kwanza.

Korongo alitusikia. Nilitaraji asimame mbali, mwenye haiba, kama msafiri. Hasha! Alikuja mbio akigonganisha mdomo, ta-ta-ta-ta, akachomeka kichwa katika mfuko wa kushoto wa koti langu. Alipomaliza akahamia kwa Kinyozi, mfuko wa kulia. Mhifadhi akauliza: wazee wangu, mgeni huyu ametoka mbali hivyo, amejuaje nani anaweka samaki mfuko upi? Kinyozi akajibu kwamba ndege wa kaskazini wana elimu.

Hapo simu ya mhifadhi ikalia. Sauti niliitambua kabla hajaiweka simu sikioni. Mke wangu! Alikuwa uani anaanika shuka, anataka kujua hawa ndege wakubwa ni wa nani, wamemjazia anga, na mmoja ameshamchafulia shuka jeupe.

Tukatazama juu sote.

Walikuwa juu yetu muda wote ule tukigombana. Walizunguka polepole, duara ndani ya duara, kama magurudumu ya saa kubwa isiyo na mlio. Kinyozi alivua kofia. Mhifadhi alikuwa anacheka na macho yamemjaa machozi.

Wetu aliacha samaki. Akakimbia matopeni kuwaelekea, mabawa wazi, lile zima na lile bovu, akianguka, akiinuka. Hakugeuka nyuma. Mtovu wa shukrani!

Nilikohoa sana. Ukungu wa ziwa haunifai.

Jumapili, 9 Novemba

Mke wangu amevuta mnyororo. Mji mzima ulikuwepo. Mimi nilishika mwavuli wake.

Mpaka rangi wa nguzo aliuliza aandike jina gani. Nikajitokeza kumsaidia kufikiri, mke wangu akanirudisha kwa jicho. Akafikiri mwenyewe, akasema: andika MKE WA FUNDI SAA. Akawaambia watu kwamba mtu hawezi kukimbia vita na mwenzake akavuka naye mito, halafu apande nguzoni peke yake. Watu walipiga makofi. Baadhi walijifuta macho.

Sikufuatilia vizuri hotuba, nilikuwa napima herufi. MKE WA yametangulia! Na kwa ukubwa uleule!

Jumatano, 12 Novemba

Balaa juu ya balaa. Nimepoteza hata lile jina nililokuwa nalo. Mwoka mikate leo ameniita shemeji. Ameuliza: shemeji, dada yetu hajambo? Akanichagulia mkate wa moto kabisa nimpelekee. Mwuza mboga: shemeji. Dereva wa trekta, ambaye simjui: shemeji! Kinyozi naye, nilipopita, alitoka nje na mkasi mkononi akawaambia wateja wake, na walikuwa wengi: huyu ndiye shemeji yetu aliyelisha korongo pamoja nami. Miaka thelathini na ushee nimekaa hapa, leo sina jina langu kabisa. Mimi ni shemeji wa kila mtu.

Mhifadhi ametukataza kumlisha korongo. Anasema sasa yuko na wenzake, anakula vyura, na magoti yameanza kuonekana.

Lakini akili ni mali. Nimeikagua nguzo kwa lenzi. Upande wa kushoto, chini kabisa, limechipua tete moja. Likikua litafunika kabisa MKE WA, na kitakachosomeka ni FUNDI SAA tu. Nimemuuliza mhifadhi, kijuujuu, sheria inasemaje. Amesema kupanda chochote ndani ya hifadhi ni kosa.

Hakusema neno juu ya kumwagilia. Kesho asubuhi naenda ziwani na ndoo ya maji.