Sera ya Fyuzi kwa Cheo

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mwaka 1998 tarafa yetu ya pwani ya kusini ilikuwa ya kwanza katika jamhuri nzima kuwa na Sera ya Fyuzi za Amplifaya. Ilianza kutumika asubuhi. Kabla ya adhuhuri ilikuwa inatoa moshi.

Mimi, Ndulu wa Mwangangi, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni, ndiye niliyekuwa mshauri wa kiufundi wa Serikali. Cheo hicho nilipewa na Bwana Kenga mwenyewe, D.O., yaani ofisa wa tarafa. Mkuu wa wilaya alikuwa anakuja kufungua kalvati, njia ya maji chini ya barabara, iliyojengwa baada ya mvua za El Niño, na D.O. alitaka amplifaya kubwa kwenye gari lake, hotuba isikike mpaka Msambweni.

"Kijana, wewe unasoma fizikia," akaniambia. "Fyuzi gani inanifaa?"

Fyuzi hufuata unene wa waya. Waya mwembamba, fyuzi ndogo, ili fyuzi ife kabla waya haujaungua. Nayo hukaa karibu kabisa na betri. Hayo ndiyo niliyofundishwa. Lakini hotuba za Bwana Kenga nilizijua. Ile ya mwisho ilianza watu wakiwa wamekunywa chai na ikaisha wakiwa wamesahau ladha yake.

"Bwana, fyuzi hulingana na cheo," nikasema. "Naibu wa chifu, ampea kumi na tano. Chifu, thelathini. D.O..." Macho yake yaling'aa. "Mia."

"Na mkuu wa wilaya?"

"Huyo hawekewi fyuzi kabisa, bwana. Nani atakayethubutu kumkata?"

"Sahihi! Na yangu ikae wapi?"

"Karibu na betri hukaa za raia. Ya mkubwa hukaa nyuma, kando ya kiti, ionekane."

Akaniagiza niifunge hivyo hivyo, kwa waya mwembamba kama kamba ya kiatu. Kufikia jioni alikuwa ameshawaambia watu wote kwamba wazo ni lake. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: waya utayeyuka, hotuba itakatika, na gari la Serikali litanuka kidogo.

Siku ya sherehe gari la Serikali likakataa kuwaka. D.O. akaamuru amplifaya, waya na fyuzi vihamishiwe kwenye pikapu iliyokuwa karibu. Ilikuwa ya baba yangu, naibu wa chifu, ile inayobeba mahindi na korosho na kunilipia karo.

"Ndulu, leo gari letu ni la Serikali!" akasema baba, akiifuta vumbi kwa leso yake ya kanisani.

Nikamvuta kando. "Baba, tuweke fyuzi ndogo."

"Ya kumi na tano ni yangu mimi. Unataka nimshushe D.O. cheo mbele ya mkubwa wake?"

Nikatafuta spana na gunia bichi, nikafungua boneti, nikasimama hapo kama askari wa lindo.

"Mheshimiwa," D.O. akanguruma, kalvati ikatetemeka, "sera hii ya fyuzi nimeibuni mimi mwenyewe! Ndugu wananchi..."

Harufu ikaja, kisha moshi. Nikaruka, nikang'oa waya wa betri, nikaubana kwa gunia. Pikapu ikapona. Sauti ikafa.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Twaiba, muuza samaki wa kukaanga, safu ya mbele. "Imekwisha?"

Watu wakapiga makofi. Baba hakupiga. Alikuwa anaitazama spana.

"Ndulu, boneti umeifungua kabla ya moshi. Ulijuaje?"

Nikaishusha spana. "Nilijua, baba. Wazo ni langu. Nilitaka hotuba iwe fupi. Sikujua kwamba gari litakuwa letu."

Mkuu wa wilaya, aliyesikia yote, akamgeukia D.O. "Bwana Kenga, umeibuni mwenyewe, au umenakili kwa mtoto wa shule?"

D.O. akainama kuikagua fyuzi.

"Basi, kwa kuwa umeua kipaza sauti, wewe ndiwe utakayekuwa kipaza sauti changu. Kila ninalosema, rudia kwa nguvu." Mkuu akatoa mfukoni hotuba yake, nene kama msahafu.

Baba akanishika sikio. Kwenye ukurasa wa tatu, D.O. akiwa ameshakaukwa na koo juani, Bi Twaiba akaninong'oneza, "Mwanangu, na huyu mkubwa umemwekea fyuzi ya ngapi?"

"Sikumwekea, bi," nikasema. "Na hilo pia nalikiri."