Malalamiko ya Fundi Cherehani Aliyenyooshwa Mgongo

Ndugu Katibu wa Chama cha Wanyanyua Vizito,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa. Mimi naiandika nikiwa nimesimama, na lawama ni zenu.

Miezi minane iliyopita mliniletea mwanamichezo wenu, yule dada ambaye mtaa mzima unamwita Winchi. Goti lilikuwa limeteguka, mkanieleza kwa upole kwamba mchezo una mwisho wake, kwa hiyo ajifunze ushonaji huku akiendelea na mazoezi. Nikakubali, maana na mimi ni mzazi. Sasa yamenifika hapa.

1. Kila nusu saa anasimamisha cherehani yangu. "Fundi, inuka, nyoosha mgongo!" Nikikaidi, ananibeba pamoja na kigoda changu na kunitua mlangoni, wapita njia wakitazama. Nina miaka hamsini na sita na wajukuu wawili.

2. Wateja nao hawakusalimika. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliangusha kipochi chake, akainama kukiokota. Winchi akapiga ukelele kana kwamba ameona nyoka: "Kunja magoti, mama, siyo kiuno!" Mama wa watu alikiokota mara sita mpaka akapatia. Siku hizi huja kila Jumatano, na hana nguo ya kushona.

3. Hili ndilo kubwa. Kwa miaka thelathini nilikuwa na kibiongo changu kizuri. Mteja akiniona nimepinda, anajua hapa pana fundi. Juzi bwana harusi mmoja alichungulia, akanikuta nimesimama wima kama mlingoti wa bendera, akaniuliza fundi yuko wapi. Nikamwambia ni mimi. Akacheka, akavuka barabara kwa mshindani wangu, ambaye bado amepinda vizuri.

4. Suruali zangu zote zimekuwa fupi. Mke wangu anasema nimerefuka. Mama mkwe anasema nimeanza kuringa.

Kwa hiyo naomba Chama kimwondoe Winchi dukani kwangu kabla ya Ijumaa, na mnirudishie kibiongo changu kikiwa katika hali ile mliyokikuta nayo.

Nisalimie wajumbe wote, kocha, shemeji na watoto. Yule daktari wa viungo aliyemtibu goti na kumfundisha haya yote, msalimie kidogo tu.

Wako mwenye uchungu, ila siyo wa mgongo,
Fundi wa kona ya soko la nguo

Tanbihi: Nilikuwa nakunja karatasi hii Winchi akaingia mbio: amefuzu kwenda mashindano ya bara, goti zima kabisa! Lakini sare mliyompa inambana mabega. Mtu anyanyue kilo mia ndani ya nguo ile, kisha mseme mnazuia majeraha? Tumeifumua na kuishona upya. Mishono ya mabegani kapiga mwenyewe, na sikupata pa kuikosoa, nikajifanya natafuta mkasi ili asione macho yangu. Namba moja mpaka nne zifuteni. Cherehani yake nimeifunika kitambaa. Atakayeigusa kabla hajarudi, tutajuana.