Mabomba Mafupi au Marefu

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Mvua tangu alfajiri. Mtaa wetu wa Katubuka wote tope. Jirani yangu Leodgar kapita na Peugeot yake imejaa magunia ya unga wa wakimbizi, akanipigia honi. Hakuwa na sababu ya kunipigia honi. Nilikuwa nimesimama kibarazani kwangu, sijamzibia mtu njia.

Habari yenyewe ni hii. Hamdani, karani wa lile shirika la dawa, kasema wanatafuta gari la kudumu la kukimbiza dawa na wauguzi kambini, upande wa Kasulu. Wataangalia magari Jumamosi asubuhi. Leodgar keshaliosha lake. Anadhani kazi ni yake.

Kazi ni yangu. Yeye ana Peugeot, mimi nina Datsun 160J iliyowahi kushindana mbio. Aliyeniuzia aliapa. Namba ya mashindano bado inaonekana mlangoni ukiitazama kwa upande. Udhaifu wake ni mmoja tu, milima, na huku kwetu kwa bahati mbaya ni milima mitupu.

Nimemwambia mke wangu Regina kwamba Jumamosi maisha yetu yatabadilika. Akasema yalibadilika pia nilipofuga bata mzinga, akaenda kukinga maji ya mvua.

Hajui, na Leodgar hajui, kwamba nina fundi. Yuko stoo. Anaitwa Zefania, mchomeleaji wa vyuma kutoka Baraka, ng'ambo. Vita vilipofika kwao alivuka ziwa wiki iliyopita na miwani ya kuchomelea shingoni, hana kingine. Mkewe Merina na mtoto mchanga walibaki nyuma, mashua ilikuwa imejaa. Wanaovuka wote hupelekwa uwanjani, ule wa mpira, kuandikishwa, kisha malori yanawabeba kwenda kambini. Zefania hataki kwenda. Akienda, nani atampokea Merina? Basi nikamleta kwangu kabla hawajamwandikisha. Yeye anapata pa kulala karibu na maji, mimi napata fundi. Hiyo naiita huruma.

Jumanne, 5 Novemba

Nimegundua siri ya mwendo. Ni moshi.

Regina alileta maandazi yamefungwa kwa ukurasa wa gazeti la magari la Ulaya. Kiingereza nimeelewa nusu, michoro nimeielewa yote. Injini ina matundu manne ya kutolea moshi, na gari la mbio linataka kila tundu liwe na bomba lake. Mabomba yakiwa mafupi, gari linanguruma na kuruka kama swala injini ikishapamba moto. Yakiwa marefu, gari linakuwa na nguvu tangu mwendo mdogo na linapanda mlima bila kulalamika, ila yananing'inia chini karibu na mawe. Mwisho wa ukurasa mwandishi anatoa hukumu yake. Anasema lililo bora kuliko yote ni, na hapo karatasi imechanika.

Nikarudi mbio kwa mama wa maandazi. Nimenunua mpaka ndoo ikaisha. Karatasi zote zilizobaki zilikuwa za daftari la hesabu la mwanafunzi, tena mwanafunzi mbovu. Tumbo linauma sana.

Nimemuuliza Zefania, mafupi au marefu. Alisema yeye alikuwa akichomelea mabomba ya kiwanda cha sukari, na moshi ukitafutiwa njia unatoka. Kisha akauliza kama mashua imeingia leo Bangwe, mwaloni, ambako wanaovuka hushukia. Nikimuuliza bomba ananijibu mashua. Inachosha.

Jumatano, 6 Novemba

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Pastory, kaja kumwona mgeni. Jana alipoonekana nilimwambia mtaa mzima kwamba ni binamu yangu wa Kasulu. Mzee akamsalimu kwa Kiha, Mwakeye. Zefania akasimama kwa adabu kabisa, akamjibu, "Jambo sana, mukubwa."

Mzee Pastory alitazama paa kwa muda. Akasema Kasulu imebadilika siku hizi. Akanywa chai yake, na wakati wa kuondoka akaninong'oneza kwamba binamu asitoketoke nje akaniletea mimi matatizo, na asikae sana akamletea yeye balozi. Ikifika Jumatatu itabidi ampeleke uwanjani mwenyewe.

Jioni habari njema. Gideon, nahodha anayevusha watu, kamletea Zefania salamu. Merina yu hai. Kapata nafasi kwenye mashua ya mwenzake, itashusha watu mwaloni Bangwe Ijumaa alfajiri. Zefania alikaa chini palepale kwenye tope, akalia na kikombe mkononi. Sikujua nitazame wapi.

Gideon alieleza kazi yao ilivyo siku hizi. Mashua haiji nchi kavu moja kwa moja. Inazima injini mbali kidogo, hata watoto wanazibwa midomo, watu wanasikiliza. Kukiwa kimya wanaingia. Wakisikia bunduki wanageuza, kwa sababu huko walikotoka wamekwisha kuona vita vikiwatangulia kila wanakokimbilia.

Nilisikiliza kwa nusu sikio. Nilikuwa nawaza chuma. Mabomba yatoke wapi?

Alhamisi, 7 Novemba

Chuma kimepatikana. Kitanda cha mama mkwe.

Bibi Elida, mama yake Regina, anakaa nasi tangu masika. Ana kitanda cha chuma alichopewa na masista misheni, mabomba matupu, mazito, hakuna mfano wake Kigoma nzima. Miguu yake inatosha mabomba mafupi. Nikitaka marefu, ni lazima kuvunja kitanda kizima.

Lakini chumba cha mkwe hakiingiliki. Tangu nioe sijawahi hata kukanyaga kizingiti chake, na tukikutana uani mmoja wetu hupita nyuma ya jiko. Kwa hiyo nikamtuma Zefania. Mkwe siyo wake. Nilingoja Bibi Elida aende kusali jumuiya, nikasimama nje kwa heshima zote na kumwelekeza fundi kupitia dirishani akate wapi.

Jumuiya leo ilikuwa fupi. Miguu ilikuwa imetoka, fundi amekipandisha kitanda juu ya matofali, msumeno umeanza tu kuingia kwenye fremu, nikamsikia akibisha hodi. Wangesali rozari nzima ningekuwa na mabomba marefu. Basi, ni mafupi. Mungu kaamua.

Tulichomelea kwenye gereji moja ya Rusimbi walikotuazima mitungi ya gesi. Yametoka mazuri, manne, yamekaa kama vidole. Zefania akasema hayana kizuia sauti, na ukiondoa mguu kwenye mafuta yatalipuka, afadhali ayatengeneze kesho. Nikamwambia mlio ndio nguvu. Hakubishana. Alikuwa anataka jambo lingine, twende wote Bangwe alfajiri.

Nimekataa. Askari wanazunguka mwaloni, wakimwona watamchukua kabla mashua haijafika, na Jumamosi nikitaka kubana nati nani atazibana? Nitakwenda mwenyewe na gari, nimlete Merina na mtoto mpaka mlangoni. Nami nitakuwa nimelijaribu. Safari moja, kazi mbili.

Akavua shati lake la njano, Merina ndiye aliyelitia kiraka mfukoni. Alisema Merina hanijui, lakini shati atalijua. Limenibana. Vifungo havifungi.

Ijumaa, 8 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Gari liliwaka mara moja. Ngurumo ya ajabu! Nikapita mbele ya Leodgar, nikarudi, nikapita tena. Barabarani sijawahi kwenda vile maishani. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, ziwa limetulia, nilikuwa naimba.

Kwenye mteremko wa Bangwe nikaondoa mguu kwenye mafuta. Likapiga. Likapiga tena, mfululizo, jinsi wanavyosema inavyopiga bunduki.

Mwaloni kulikuwa na watu walioshuka jana, wamelala mchangani na mabegi yao wakingoja lori. Waliinuka wote bila kusema neno. Hilo ndilo lililonitisha, hakuna aliyepiga kelele. Wanajua kukimbia. Mama mmoja aliwalalia watoto wake. Wazee waliingia majini na nguo zao. Wanawake wetu waliokuwa wakianika dagaa walibaki na vikapu mikononi, wakinitazama mimi.

Na mashua ilikuwepo. Niliiona. Imezima injini, imejaa watu, hakuna anayetikisika. Walikuwa wanasikiliza.

Nikazima gari haraka nitoke niwapungie shati. Lakini gari hili ukilizima lina mlio wake wa mwisho, mkubwa kuliko yote. Likautoa.

Injini ya mashua ikawaka. Ikageuza. Niliingia maji mpaka kiunoni nikiita Merina, Merina. Nina sauti ndogo tangu utoto. Ikaenda mpaka nikawa siioni.

Sikuthubutu kuwasha gari tena. Wanawake wa dagaa wakanisaidia kulisukuma kupanda mteremko. Haikuwa huruma, walitaka niondoke. Nilipogeuka kushukuru walikuwa wamesharudi chini kuwakusanyia watu mabegi.

Zefania alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Ameoga, amechana nywele, amefagia mpaka njiani. Nikamwambia mashua haikuja. Akanishukuru kwa kwenda.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekosa kazi.

Nilifika wa kwanza, nikalingurumisha gari getini ili wajue nani kaja. Nesi mkuu wa shirika alitoka amejiziba masikio. Akaongea na Hamdani, Hamdani akanisogelea na kuuliza kwa sauti ya chini kama hili ndilo gari la Bangwe. Nikasema Bangwe ni kubwa. Akasema wao wanabeba dawa kwa watu waliokwisha kuogopa vya kutosha, niende nyumbani, na kama ninaweza niende bila kuliwasha.

Wamemchukua Leodgar. Peugeot ile inapanda mlima kama mtu anayekwenda msibani. Hakupiga honi aliponipita. Afadhali angepiga.

Nyumbani mabaya zaidi. Matofali yameteleza, Bibi Elida kaanguka na kitanda, kiuno kinamuuma. Hasemi nami. Lakini hakuwahi kusema nami, kwa hiyo siwezi kujua kakasirika kiasi gani.

Regina alikuwa ametoka sokoni, na sokoni wanajua yote. Alimwita Zefania uani akamwambia mbele yangu, neno kwa neno, mashua, mlio, shati. Nilidhani atanipiga. Nilikuwa tayari kupigwa, ingekuwa nafuu.

Aliuliza mambo mawili tu. Mashua ilikuwa karibu kiasi cha kuona watu? Nikasema ndiyo. Alikuwepo mwanamke mwenye mtoto mgongoni? Nikasema kulikuwa na giza, sikuona vizuri.

Hakukuwa na giza. Mwanamke huyo alikuwa amekaa mbele kabisa, na alipoliona shati alisimama.

Jumapili, 10 Novemba

Gideon kaleta habari. Mashua ile ilirudi kulekule. Imewashusha watu usiku kwenye mwalo wa wavuvi kusini mwa Baraka, ambako jana kulikuwa kimya. Ya leo hajui. Yeye anavuka tena asubuhi hii, mashua tupu, kuchukua wengine. Zefania anakwenda naye.

Hakuna aliyemzuia. Regina kamfungia ugali na dagaa. Bibi Elida katoa blanketi lake, kalipitisha kwa Regina kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama njiani. Mzee Pastory kaja na fimbo yake, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia binamu, huko Kasulu uwasalimie wote. Kisha akafuta macho na kusema ni vumbi. Mvua inanyesha tangu usiku.

Nilimsindikiza mpaka Bangwe kwa miguu. Wanawake wa dagaa walinyamaza tulipopita. Mashua tupu ni kitu kibaya kutazama ikiwa inaelekea upande ule ambao kila mtu anautoroka. Nilimwonea huruma. Nilitaka kumwambia kitu kikubwa.

Lakini nilikuwa na swali moja, na nani mwingine angelijibu? Nimelifikiria usiku kucha. Mkosi wote huu umetokana na mabomba mafupi. Mafupi ndiyo yanayopiga. Tungekata kitanda kizima tangu mwanzo, saa hizi Merina angekuwa jikoni kwangu anakunywa uji. Hivyo alipokwisha kuweka mguu mmoja mashuani nikamshika kiwiko nikamuuliza, fundi, kwa kweli ya Mungu, marefu yangefaa?

Alinitazama. Kisha akanyoosha mkono wake wote kuonyesha milima ya ng'ambo.

Nimeelewa. Marefu, tena marefu sana.

Kesho Bibi Elida ana jumuiya tena, na kitanda hana haja nacho, kiuno chenyewe kinataka alale chini. Zefania akirudi na Merina na mtoto, hawatatembea hatua. Nitakuwa nimewangoja hapohapo mwaloni Bangwe, alfajiri, na gari linawaka.