Petroli Yenu Isiyo na Risasi na Gari Langu la Harusi

Kwa Bwana Meneja wa Kituo cha Mafuta, hapo njia panda,

Natumaini pampu zako hazijambo. Mimi ni yule mwenye gari la kijani la zamani, lenye pua ndefu, ambalo wahudumu wako wakiliona huwaacha wateja wengine wakaja kupiga nalo picha. Nakuandikia kwa heshima, ila nimeudhika.

1. Gari hili lilizaliwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, na risasi ile ndiyo iliyozilinda valvu zake. Mkaiondoa bila kuniuliza. Ni kama mzee aliyezoea chai ya sukari tangu ujana, leo umpe maji ya moto na umwambie ashukuru. Shule niliiacha mapema, lakini injini naijua. Hii ilikuwa na nguvu kiasi kwamba hata nikiizima barabarani, gari lilifika nyumbani, likajiegesha, likanisubiri nishuke. Siku moja lilishindana na treni. Nilishamaliza soda yangu pale stesheni ndipo treni ikaingia, na dereva wake akaja kunipa mkono.

2. Sasa linakohoa. Kwenye kilima cha sokoni nimepitwa na mkokoteni wa vitunguu, na mwenye mkokoteni akanipungia.

3. Jumamosi mpwa wangu, binti wa dada yangu, anaolewa. Tangu akiwa mdogo nimemwahidi kwamba hatapelekwa harusini na gari jingine. Dada yangu ameshaanza kuulizia teksi chini chini. Binti mwenyewe kanishika mkono akasema, "Mjomba, nitapanda lako hata likisukumwa." Bwana Meneja, hapo ndipo nilipochukua kalamu. Bibi harusi hasukumwi.

4. Kwa hiyo naomba unichimbie tanki langu peke yangu, lenye risasi, na pampu ya kijani ifanane na gari. Ukishindwa, uje Jumamosi na kamba utuvute, ukiwa umevaa suti. Hilo nalo likikushinda, basi ahirisha harusi wewe, na dada yangu ukamweleze wewe. Mimi namfahamu, nitakuwa nimesafiri.

Sina kinyongo. Nisalimie mama watoto, mhasibu, wahudumu wote na yule mlinzi anayelala amekumbatia rungu.

Mteja wako asiyekuhama,
Mjomba wa Bibi Harusi

N.B. Kabla sijafunga bahasha, fundi kafungua boneti, akacheka mpaka akakaa chini. Injini si ile ya asili. Imetoka kwenye gari la kusambaza mikate, na imetengenezwa kwa ajili ya petroli kama hii yenu. Dada yangu kasema, bila hata kuona haya, kwamba aliibadilisha zamani nilipokuwa safarini, maana ile ya kwanza ilikuwa haiwaki. Kumbe treni niliishinda kwa injini ya mikate. Kikohozi kilikuwa plagi chafu tu. Zimesafishwa, na gari linanguruma. Yafute yote niliyoandika. Ila mpwa wangu nimeshamwambia kwamba limepona kwa sababu nimekuandikia barua kali, ndiyo maana naituma hivyo hivyo. Jumamosi tukija kujaza tanki, tafadhali simama karibu na pampu, uiname kidogo, kama mtu aliyekaripiwa.