Shamba la Kajod Chini ya Maji

Jumatatu, 6 Mei

Mkutano uani kwa Gyarsi, mwenyekiti wa kamati ya mto, mjane mwenye sauti ya kuswagia nyati wa kufugwa. Mto wetu Dhaulki umekauka kwa miaka. Visima navyo vinafuata. Tumekubaliana kujenga lambo la udongo korongoni, maji ya mvua yatuame, ardhi iyanywe, yarudi visimani na mtoni. Kila nyumba itoe watu wa msaragambo, kazi ya pamoja. Mbuzi marufuku mlimani, nyasi zishike udongo. Niliunga mkono kwa sauti kuliko wote.

Kisha wakasimika vigingi vya kuonyesha mahali pa tuta. Kando ya kisima cha Harsahai, jirani yangu, ambaye tangu utotoni hupata kila kizuri, hata meno. Akaniambia, "Pole, Kajod. Maji nayo yana macho." Watu wakacheka. Dhapu, mke wangu, akacheka zaidi.

Jumatano, 8 Mei

Adhuhuri. Joto limewalaza wote. Nimeng'oa vigingi na kuvishusha hadi mpaka wa chini wa shamba langu, kando ya kisima changu. Kazi safi. Nimekula mkate wa uwele na mtindi kama mtu aliyefanya jambo.

Alhamisi, 9 Mei

Balaa. Gyarsi ameviona. Akachomeka chuma ardhini, akapiga hatua huku na huku, akasema hapa ni pazuri zaidi: korongo ni jembamba na chini kuna mwamba. Nikaanza kutabasamu. Akaendelea, "Ila maji hukaa upande wa juu wa tuta. Na upande huo ni shamba la Kajod. Litazama lote."

Hilo sikulifikiria.

Harsahai akawaka. Akasema huu ni uovu, mtu kahamisha vigingi ili anizamishe mimi, atafutwe, na akipatikana alishe kijiji kizima dengu, mikate ya kuchoma na samli. Kijiji kizima! Wakaanza kuulizana nani alionekana huku jana. Mama mmoja akajikuna kichwa, akaniangalia.

Nikasimama. Nikasema ni mimi, nimelitoa shamba langu kwa ajili ya mto, sikutaka kujitangaza. Wakanivika shada la maua. Gyarsi alifuta machozi. Dhapu hakupiga makofi.

Jumapili, 2 Juni

Msaragambo. Nilidhani mtoa ardhi husimamia. Nikakaa kivulini na mwavuli, nikielekeza. Dhapu akaja, akaniwekea karai la udongo kichwani, akasema, "Mheshimiwa, tuta liko kule." Shingo haigeuki.

Jumatano, 3 Julai

Mvua. Tuta limeshika. Shamba langu sasa ni ziwa, na nyati wa watu wanaoga pale nilipokuwa napanda uwele. Maji kisimani mwetu yamepanda. Dhapu anachota bila kuinama sana, akiimba. Sikumbuki lini aliimba.

Jioni Harsahai alikuja. Alisimama mlangoni, akaniambia nilime kipande chake cha juu msimu huu. Bure. "Hata mimi nisingeweza, ndugu yangu," akasema. "Kutoa shamba." Baada ya yeye kuondoka nikajiuliza anataka nini.

Jumamosi, 20 Julai

Dhaulki unapita! Maji membamba, ya rangi ya chai, lakini yanatembea. Kijiji kizima kilishuka mtoni. Wazee walivua viatu. Gyarsi aliingia na sari yake yote, akakaa majini kama mtoto. Mimi nilisimama kando nikakohoa, vumbi, nadhani.

Halafu nikafikiri. Lambo liko juu ya ardhi ya nani? Na singhara, zile njugu za majini, zinastawi sana kwenye maji yaliyotulia. Nikaiambia kamati nizipande mimi peke yangu. Gyarsi akasema lambo ni la wote, singhara za wote, na niache uroho.

Sawa. Kuanzia kesho watasikia kwamba lambo lina mamba. Hakuna atakayekanyaga, nami nitapanda kwa raha zangu. Nimeanza na Dhapu, kwa kunong'ona, maana yeye akijua wanawake wote wanajua. Nimemwambia mamba ametoka lamboni, tena amezoea kulala karibu na kisima chetu.

Ameamini kabisa. Amekataa kwenda kisimani. Ndoo zote kanikabidhi mimi, pamoja na kunywesha nyati, mpaka huyo mamba ahame.

Narudi safari ya tatu sasa, mgongo unawaka. Mpango unakwenda vizuri sana.