Mtamba Aliyewekeshwa kwa Mradi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa hakufika ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa madiwani mliofika na mlioko barabarani. Viongozi wetu wa dini. Wazee wa mila. Kamati ya mapokezi. Kamati ya chakula, ambayo naiomba isisimame bali iendelee kugawa. Wafugaji wa Buswahili, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka jikoni.)

Mimi ni Gibson Mseti, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Kuboresha Mmeng'enyo wa Ng'ombe, kwa kifupi MKUMENG, na nimesimama juu ya zulia hili la asili, ambalo mniwie radhi bado linateleza kidogo, kuwaeleza kimkakati kwamba tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, na kwamba chumba cha kwanza kina mamilioni ya vijidudu ambavyo ndivyo hasa vinavyosaga majani, ng'ombe akiwa ni mwenye nyumba tu. Kiangazi mnampa mabua matupu. Vijidudu vinalegea, mabua yanakaa tumboni kama mafaili mezani kwangu, na mnyama anakonda huku ameshiba. (Kicheko.) Cheka tu, Mzee Yakobo, mimi nimeshiba na sijafanya kitu. Lakini ukimwongezea mashudu ya pamba kutoka Bunda, kidogo kidogo, na jiwe la chumvi la kulamba, vijidudu vinapata nguvu, na ng'ombe anacheua kwa ufanisi, yaani anarudisha alichokwishameza na kukitafuna upya, kama ninavyofanya na hotuba hii niliyoitoa Nyegina mwaka juzi na Musoma mwaka jana. (Sauti: "Tunaikumbuka.")

Mafanikio ni asilimia mia moja ya ng'ombe wote waliosajiliwa, ambaye ni mmoja. Nampongeza Mama Dafroza, aliyewekesha mtamba wake kwetu kama mnavyowekesha kwa majirani: mwenzako anakutunzia, anakunywa maziwa, siku ukimhitaji anakurudishia pamoja na ndama. Wengine mlikataa mkisema mradi hauna zizi. Yeye alituamini. (Mama Dafroza anasimama: "Mwanangu, wakwe za kijana wangu Masatu wanakuja Jumamosi kuchukua mahari, na amebaki huyo mtamba tu wa kuikamilisha. Ng'ombe aliyewekeshwa anarudishwaga. Wangu yuko wapi?")

Swali zuri, mama, nalipokea kama changamoto na tutaliundia kikosi kazi. Kwa sasa niseme tu kwamba mtamba alipewa virutubisho vyote vilivyopatikana, yaani vitunguu, nyanya, binzari na chumvi, na kwamba mmeng'enyo unaendelea vizuri ndani ya wadau wote waliopokea sahani. (Watu wanaacha kutafuna.) Mheshimiwa diwani, wewe malizia, imeshaingia chumba cha kwanza.

Nimeona aibu, jambo ambalo halikuwa kwenye bajeti. Hata hivyo tuseme pamoja: MKUMENG? (Watu wanaweka sahani chini.) Jibu ni "Tunacheua." MKUMENG? (Mama Dafroza: "Basi ngozi iko wapi?")

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili, ambao hawajawahi kuwepo, na wenye mashudu wa Bunda, ambao hatujawahi kuwaandikia. Mradi ulikuwa bango, hotuba, na ng'ombe wako, mama. Na kwa kuwa mila inasema ng'ombe akifia kwa mlezi, mlezi arudishe ngozi, naomba mtu anishike mkono nishuke, ili Mama Dafroza achukue zulia lake.