Profesa Biti na Kanda ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata njia ya kumkomesha shemeji. Niiandike kabla haijanitoka.

Jana mama mkwe aligawa vitu vya marehemu mumewe. Kompyuta ya zamani ya biti nane, ile yenye kibodi nene kama tofali, kanikabidhi mimi. Redio kaseti yake kampa shemeji, kaka wa mke wangu, fundi televisheni anayejiona alizaliwa na bisibisi mkononi. Kanda ya kaseti yenye programu ya kompyuta hiyo, inayosomwa kupitia redio, kabaki nayo kwenye mkoba. Akasema Jumamosi anatimiza miaka sabini, tutakuwa wote kwake. Atakayeifanya kompyuta isome ile kanda, atachukua kila kitu.

Njiani mke wangu akaniambia hajawahi kuona kilichomo ndani ya kanda. Alikuwa mdogo mno. Anakumbuka tu baba yake akiguna chumbani, halafu watu wazima wanacheka. Angependa kujua walikuwa wanacheka nini. Nikamwambia aondoe shaka, mambo ya kompyuta hizi nayajua tangu zamani.

Siyajui hata kidogo.

Juu ya kasha la kanda pameandikwa FORTH KWANZA. Nadhani ni jina la mtu.

Jumanne, 4 Machi

Forth si mtu. Ni lugha ya kuandikia programu! Lazima iingizwe kwenye kompyuta kwanza, ndipo kanda isomeke. Hayo nimeyapata katika jukwaa moja la mtandaoni la wapenzi wa kompyuta za biti nane. Wastaarabu ajabu. Wanasalimiana kabla ya kubishana.

Nikajiandikisha kwa jina la Profesa Biti. Hapo nikajifunga mwenyewe. Profesa ataulizaje swali la mwanafunzi?

Nikabuni mbinu. Badala ya kuuliza, nimeandika uongo. Nimetangaza kwamba lugha ya Forth haikuwahi kutengenezwa kwa mashine hii, na kitabu chake hakipo popote. Chai haijapoa, watu kumi na saba wameshanirukia! Mmoja kaleta kitabu chenyewe, kurasa mia mbili na kumi na mbili. Mwingine kaleta sauti ya lugha nzima, unaicheza kwenye simu na kompyuta inaisikiliza kupitia waya. Wa tatu kaleta picha ya waya. Wawili wakaanza kugombana juu ya toleo la pili na la tatu, wakanisahau kabisa. Mimi huyo, napakua tu.

Kichwa changu wakati mwingine kinanitisha.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya mkosi. Nilituma kitabu kwenye printa ya ofisi. Mimi ni karani wa masijala, idara ya maji. Printa yangu iko mlango wa pili. Sikujua kwamba jana wamebadilisha mipangilio. Kurasa zote zimetokea ofisini kwa bosi.

Akaniita. Akataka kujua DUP, SWAP na DROP, maneno yaliyojaa kitabuni, ni kitu gani. Nikasema ni aina mpya za mita za maji. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema ndiyo maana anapenda vijana wanaojisomea. (Nina miaka arobaini na sita.) Kaniagiza niandae maelezo ya kurasa mbili kwa ajili ya kikao cha wakuu wa idara.

Kitabu amebaki nacho. Anakisoma, tena na kalamu nyekundu.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Nilitoroka kazini mchana, nikaunga waya, nikacheza ile sauti. Kompyuta ikapiga kelele kama birika lenye hasira. Mara nne ikagoma. Mara ya tano likatokea neno moja kwenye kioo: OK. Nikampigia simu mke wangu, nikashindwa kuongea kwa furaha. Akadhani nimevamiwa.

Lugha yenyewe ni ya ajabu. Ukitaka kujumlisha mbili na tatu, unaandika mbili, unaandika tatu, ndipo unaandika jumlisha. Ni kama kumpa fundi kitambaa na uzi, ukatoka nje, halafu ukarudi kumwambia shona.

Nikaandika zoezi la kwanza la kitabu. Likakataa. Nikaweka picha jukwaani, nikalalamika kwamba kitabu chao kimeoza. Akajibu mtu mmoja anayejiita Kisoda. Akasema kwa unyenyekevu kwamba labda Profesa amechapa herufi O mahali pa sifuri.

Nilikuwa nimechapa herufi O mahali pa sifuri.

Watu thelathini na mmoja wamempongeza. Kisoda nitamkumbuka.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Leo Kisoda kaniandikia faraghani. Ana redio kaseti kuukuu, sauti yake nzito, na kesho anaihitaji kwa jambo la heshima. Anauliza hedi, kile kichuma kinachogusana na kanda, kinasafishwa kwa kitu gani.

Nikamjibu kwa upole wote wa uprofesa. Mafuta ya kupikia. Kijiko kizima, na asugue vizuri.

Akashukuru sana. Akasema watu wenye elimu na moyo kama mimi wamebaki wachache. Nikakubaliana naye.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike upesi.

Sebule ilijaa. Kompyuta yangu mezani, neno OK linang'aa. Shemeji akaingia na redio kaseti kwapani kama mtu aliyebeba kuku wa mashindano. Mama mkwe akatoa kanda mkobani. Tukaiweka, tukabonyeza. Redio ikatoa mlio wa mtu anayezama majini. Halafu kimya. Kanda ikateleza, ikaanza kujikunja.

Mke wangu akaifunga redio kwa kasi. Alikuwa karibu kulia.

Shemeji akaapa kwamba si kosa lake. Akasema alisafisha hedi kitaalamu, kwa mafuta ya kupikia, kwa ushauri wa bingwa mmoja mkubwa mtandaoni. Anaitwa Profesa Biti.

Soda ilinitokea puani.

Shangazi wa mke wangu akanipiga mgongoni. Nikasema nimepaliwa. Nikasema pia kwamba hao wanaojiita maprofesa mtandaoni wachukuliwe hatua.

Mama mkwe akainuka. Akaomba spiriti na pamba. Akafungua kidirisha cha redio, akasafisha hedi kama mtu anayemfuta mtoto pua, akakunjua kanda kwa penseli. Akanisogeza kwenye kiti. Akaandika kitu kwenye kibodi bila kutazama vidole!

Shemeji akamuuliza alijifunza wapi.

"Nijifunze wapi? Hii kanda ni yangu. Baba yenu alikuwa mwalimu wa hesabu, hata kompyuta kuiwasha alikuwa hawezi."

Redio ikaimba. Kwenye kioo likatokea swali: NANI ATAOSHA VYOMBO LEO? Akamwambia mke wangu abonyeze. Nukta zikakimbia. Likaja jibu: BABA. Akabonyeza tena. BABA. Shemeji naye akajaribu. BABA.

"Miaka mitatu," mama mkwe akasema. "Aliamini ni bahati nasibu. Alikuwa anakaa hapo na daftari anapiga hesabu ya bahati yake mbaya. Anaguna, anakwenda kuosha."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akalia kidogo, halafu akacheka tena. Mama mkwe akasema basi, mashine imesoma, na aliyeisomesha ni yeye. Akachukua kila kitu, na waya wangu pia.

Jikoni mke wangu akanipa sifongo. Nikauliza kwa nini mimi. Akasema, "Osha, Profesa."

Sijui amejuaje. Nadhani simu yangu inaonyesha ujumbe hata ikiwa imefungwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari kwa kina na nimeona kosa langu. Jina lilikuwa dogo.

Leo jukwaani wanatafuta mtu wa kukitafsiri kitabu kizima cha Forth kwa Kiswahili. Nimejitokeza kwa jina la Daktari Kilobaiti. Nimewaambia nimeshafika nusu, na kwamba nina jopo la wataalamu linalonisaidia. Wamefurahi mno. Wanaomba sura tano za mwanzo kesho asubuhi.

Nimempigia mama mkwe kumuuliza kama ana nafasi mchana huu.